Sura ya Saba: Skrini Inayozimika Mchana Kweupe

Mafundi umeme wa magari wana tatizo moja wanalolichukia kuliko yote: lile linalojificha gari likifika gereji. Mteja anaingia na malalamiko yake. "Fundi, hii skrini inazima. Nikiwa njiani inakuwa nyeusi tii, sioni ramani, sioni kamera ya nyuma." Fundi anakaa kwenye kiti cha dereva, anageuza ufunguo, skrini inawaka vizuri tu. "Mbona inawaka, bosi?" "Hapa itawaka. Ngoja nitoke barabarani uone." Basi inabadilishwa fyuzi, zinakazwa nyaya, redio inachomolewa na kurudishwa, hela inatoka, na kesho yake saa saba mchana kwenye Barabara ya Morogoro giza ni lile lile.

Kuna jambo ambalo hakuna anayelitaja kwa sababu halionekani kuwa jambo. Mteja akiingia kwenye kivuli cha gereji huvua miwani yake ya jua na kuitundika kwenye kola ya shati. Gari halina ubovu. Skrini haina ubovu. Miwani nayo haina ubovu, na pengine ndiyo miwani nzuri kuliko zote alizowahi kumiliki. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya miwani na skrini, na hayo hayakuwahi kufanyika tangu mwanzo, kwani aliyetengeneza hii hakumuuliza aliyetengeneza ile.

Ugomvi wao umo ndani ya mwanga wenyewe. Mwanga ni wimbi, na kila wimbi lina upande linakotikisikia. Watoto wawili wakishika kamba ya kuruka, mmoja akaipiga juu na chini, wimbi linamfikia mwenzake likiwa wima. Akiipiga kushoto na kulia, linamfikia likiwa mlalo. Jua hutuletea pande zote kwa mkupuo mmoja: wima, mlalo, mshazari na kila kilicho katikati. Jicho la binadamu halijali tofauti hiyo. Nyuki anajali, na huitumia kusoma anga na kujua njia ya kurudi mzingani, lakini nyuki hana leseni ya udereva, tumwache.

Mwanga huo uliochanganyika hubadilika ukigonga kitu laini kinachong'aa: maji, lami iliyolowa, rangi ya boneti, kioo, plastiki ya dashibodi. Ule unaotikisika mlalo hurudi kwa wingi, na ule wa wima huzama ndani kwa wingi. Mng'ao unaokupiga machoni kutoka barabarani basi huwa umeshachambuliwa, na sehemu yake kubwa ni mlalo. Miwani ya polaraizi imetengenezwa kwa ajili ya mng'ao huo tu. Inazuia mlalo, inapitisha wima. Mvuvi akiivaa anaona samaki chini ya maji. Dereva akiivaa kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba risiti aliyoitupa juu ya dashibodi, ambayo kivuli chake cheupe huelea kwenye kioo cha mbele kutwa nzima, haionekani tena kiooni.

Habari hii iligunduliwa dirishani. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amepigana Misri chini ya Napoleon, alikuwa nyumbani kwake Paris, mkabala na Kasri la Luxembourg. Jua lilikuwa linazama, na vioo vya kasri vilikuwa vinaliakisi. Malus alishika kipande cha kalisiti, jiwe angavu la kutoka Iceland lenye tabia ya kuonyesha kila kitu mara mbili, akayatazama madirisha yale kupitia jiwe hilo. Kwa mwanga wa kawaida picha zile mbili huwa na nguvu sawa. Safari hii, alipolizungusha jiwe, moja ilififia na nyingine ikakolea, kisha zikabadilishana zamu. Hakuna kilichobadilika ila pembe ya jiwe mkononi mwake. Mpaka siku hiyo wataalamu walidhani tabia hii ni siri ya mawe ya namna ile peke yake, kumbe kioo cha dirisha tu kinatosha kuupa mwanga upande.

Malus alifariki 1812 akiwa na miaka 36, lakini aliacha kanuni ambayo dereva wa leo anaiishi bila kujua jina lake. Chukua vichujio viwili vya polaraizi, kimoja mbele ya kingine, kisha zungusha kimoja. Vikiwa sambamba, mwanga uliopita cha kwanza unapita na cha pili. Vikipishana kwa digrii 45 inabaki nusu yake. Kwa digrii 60 inabaki robo. Kwa digrii 75 inabaki kama asilimia 7, na kwa digrii 90 hakuna kitu.

Mskoti David Brewster, mwaka 1815, ndiye aliyeonyesha kwamba kila kitu angavu kinachoakisi, kama maji na kioo, kina pembe yake maalumu ambayo hapo mng'ao unaorudi ni mlalo mtupu. Kwa maji ni kama digrii 53 kutoka wima, maana yake jua liwe limepanda kiasi cha digrii 37 juu ya upeo wa macho. Kwa pwani yetu, mwezi Machi au Septemba, jua hufika hapo saa tatu kasoro asubuhi na tena saa kumi kasoro alasiri. Simama kwenye kivuko cha Kigamboni saa hizo, tazama maji upande wa jua, vaa miwani na uvue: utaona bahari mbili tofauti. Lakini saa kumi na mbili kasoro jioni, jua likiwa limekaa usoni mwa dereva anayerudi Kimara, miwani hiyo haina maajabu. Mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua hauna upande, na miwani ya polaraizi huupunguza kama miwani yoyote nyeusi ingeupunguza. Wauzaji hawapendi kulisema hili.

Kwa muda mrefu baada ya Brewster jambo hili lilibaki la maabara, kwa sababu mawe mazuri yalikuwa madogo na ya ghali. Njia ya kulitoa huko ilipitia kwenye dawa ya malaria. Mwaka 1852, huko Bristol, Uingereza, mwanafunzi wa daktari William Bird Herapath alidondosha iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyekuwa amelishwa kwinini, na zikajitokeza fuwele ndogo za kijani zinazometameta. Kwa nini mbwa alilishwa kwinini na kwa nini mkojo wake ulidondoshewa iodini ni maswali ya sura nyingine. Herapath aliziweka fuwele chini ya hadubini. Mbili zilipolaliana kwa mwelekeo mmoja zilipitisha mwanga. Zilipokatana msalaba, pale zilipokutana palikuwa peusi kabisa. Alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho mawe ya Iceland yalikifanya kwa unene wa inchi nzima, na chenyewe ni chembamba kuliko karatasi. Ila hakuweza kukikuza. Fuwele zilikataa kuwa kubwa, na zilizokubali zilivunjika.

Hapo ndipo anapoingia kijana wa Kimarekani aliyekuwa anachukia taa za magari. Edwin Land alizaliwa jimbo la Connecticut mwaka 1909. Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na miaka 17, akaondoka baada ya miezi michache, akahamia New York, akawa anashinda maktaba ya umma akisoma kila kilichoandikwa kuhusu mwanga. Kichwani alikuwa na swali moja: dereva afanye nini gari linapokuja mbele yake usiku na taa zake zikampofusha? Aliposoma habari za Herapath aliligeuza tatizo lake. Akaacha kuitafuta fuwele moja kubwa, akatengeneza mamilioni ya fuwele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, akazilaza zote upande mmoja ndani ya plastiki. Hataza yake aliiombea 1929. Mwaka 1937 alianzisha kampuni ya Polaroid, na mwaka uliofuata ukapatikana utando bora zaidi usiohitaji fuwele wala kwinini: plastiki iliyovutwa mpaka molekuli zake ndefu zikajipanga mstari mmoja, kisha ikaloweshwa iodini. Utando huo ndio baba wa karibu kila utando wa polaraizi unaouzwa leo.

Mpango wake wa taa unastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ni mzuri kuliko mingi iliyofanikiwa. Kila gari lifungwe utando kwenye taa za mbele, na utando mwingine mbele ya macho ya dereva, zote mbili zikiwa mshazari, digrii 45, zikilalia upande ule ule. Taa zako zinatoa mwanga wa mshazari huo, na utando wa machoni mwako unaupitisha, kwa hiyo unaona barabara unayoimulika. Gari linalokuja nalo limefungwa vivyo hivyo, lakini linakutazama uso kwa uso, na mshazari wa aliye mbele yako ukiutazama wewe unakuwa umegeuka. Taa zake na utando wako zinakatana msalaba. Aje na fulu yake yote, wewe unaona taa mbili hafifu zinapita.

Aliyewahi kuendesha usiku kati ya Morogoro na Dodoma, akapishana na malori yaliyowasha fulu kana kwamba yanatafuta sindano, anaweza kulia kidogo akisoma hapa. Mpango haukukubaliwa. Land aliwafuata watengenezaji wa magari wa Marekani kwa miaka mingi, kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Utando unakula zaidi ya nusu ya mwanga wa taa, kwa hiyo taa zilitakiwa ziongezwe nguvu. Hilo lingetatulika. Lisilotatulika lilikuwa kwamba mtu wa kwanza kununua gari lenye utando hapati faida yoyote: taa zinazompofusha ni za wengine, na wao hawana utando. Mpango unafanya kazi pale tu kila mtu anapoingia, na hakuna mwenye sababu ya kutangulia. Utando uliobuniwa kwa ajili ya gari ukafungiwa mlango wa gari. Wakati huo huo ulikuwa umeshapata riziki kwenye biashara ya pembeni iliyoanza katikati ya miaka ya 1930, ile ya miwani ya jua.

Ulirudi garini baadaye, kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Prague, aliona dutu ambayo ikiyeyuka haiwi kimiminika cha kawaida mara moja. Kwa kipindi fulani inatiririka huku molekuli zake zikiwa bado zimejipanga kama ndani ya fuwele. Ilikaa miaka zaidi ya 80 kabla Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Basel, Uswisi, mwaka 1970, hawajabuni namna ya kuifanya izungushe upande wa mwanga na kuacha kuuzungusha kwa kupewa umeme kidogo. Ndiyo iliyotuletea saa za tarakimu, kikokotoo, na hatimaye skrini za LCD tunazozijua.

Ndani ya skrini ya LCD, kutoka nyuma kuja mbele, kuna taa, utando wa polaraizi, kimiminika hicho, na utando wa polaraizi mwingine. Utando wa nyuma huupa mwanga upande. Kimiminika huuzungusha au huuacha, kutegemea umeme. Utando wa mbele huupitisha au huuzuia. Nukta nyeupe na nukta nyeusi, namba ya spidi na mshale wa ramani, vyote vinatoka kwenye majadiliano hayo. Kwa hiyo mwanga wowote unaotoka kwenye skrini hutoka na upande mmoja, ule wa utando wa mbele. Halafu unakutana na utando wa tatu, uliokaa juu ya pua yako, ambao mhandisi wa skrini hakuuweka kwenye hesabu.

Kinachofuata ni kanuni ya Malus tu. Utando wa mbele wa skrini ukiwa wima, unaelewana na miwani, na huoni tofauti. Ukiwa mlalo, skrini inazimika. Skrini nyingi za aina ya kizamani, zile za saa za dashibodi na redio za bei nafuu, zina utando wa mshazari wa digrii 45, na hapo unapata nusu ya mwanga. Nusu inatosha kusoma, lakini ni nusu yenye kigeugeu: inamisha kichwa digrii 15 upande mmoja unapata robo tatu, inamisha upande wa pili unapata robo. Madereva wengi hujifunza kuinamisha shingo upande unaowafaa bila kujua wanafanya hivyo, na abiria wa nyuma hudhani dereva wao ana shingo mbovu.

Dereva wa teksi ya mtandaoni hukutana na jambo hili kwa namna iliyo safi kabisa. Simu yake imesimama wima kwenye stendi, ramani inaonekana. Anaigeuza ilale ili aone barabara kwa upana zaidi, na simu inakuwa ubao mweusi. Anaisimamisha, inawaka. Simu ile ile, miwani ile ile, pembe imebadilika kwa digrii 90. Simu nyingine hazifanyi hivyo, kwa sababu ambayo nitaieleza punde. Na asiyedhani kwamba simu yenye skrini ya OLED imesalimika ajaribu: OLED haihitaji polaraizi ili kutoa picha, lakini watengenezaji huibandika utando huo juu yake ili kumeza mwanga wa jua unaoakisiwa na waya zilizo ndani, la sivyo skrini ingeng'aa kama kioo cha kujitazamia.

Nje ya gari mambo ni hayo hayo. Pampu nyingi za sheli zina namba za LCD, na mhudumu anayesema "sifuri hiyo, bosi" anakuonyesha sifuri ambayo wewe, ukiwa na miwani na pembe mbaya, huioni. Vua miwani kabla hujaanza kumtilia mashaka. Ukiirudisha usoni na kutazama madirisha ya pembeni na kioo cha nyuma cha gari lililo mbele yako utaona madoa yaliyojipanga safu kwa safu, mengine ya rangi. Si uchafu, wala si dalili ya kioo kilichochoka. Vioo hivyo huchomwa mpaka zaidi ya nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa baridi ghafla ili viwe vigumu, na kila doa ni alama ya mahali kioo kilipokazwa namna ya peke yake na mkondo wa hewa. Macho matupu hayaoni mkazo huo. Miwani ya polaraizi inauona. Kioo cha mbele kwa kawaida hakina madoa hayo, kwani chenyewe ni tabaka mbili za kioo zilizogundishwa na plastiki katikati.

Skrini zinaweza kubishana na miwani na bado zikasuluhishwa. Kuna kifaa kimoja cha garini ambacho ugomvi wake ni wa kuzaliwa: kile kinachotupa namba ya spidi juu ya kioo cha mbele ili dereva asishushe macho. General Motors waliweka cha kwanza kwenye gari la kuuzwa mwaka 1988, kwenye Oldsmobile Cutlass Supreme, na leo kinakuja hata kwenye magari ya mtumba kutoka Japani; baadhi ya Toyota Prius za kizazi cha tatu, zilizoanza 2009, zilikuwa nacho. Namba unayoiona ni mwanga uliogonga kioo na kurudi. Tumeshasema kioo hurudisha nini kwa wingi: mlalo. Na kioo cha mbele cha gari la kisasa kimelala kiasi kwamba mwanga huo unagonga karibu na pembe ile ya Brewster, ambayo kwa kioo ni kama digrii 56. Miwani iliyotengenezwa ili kufuta mng'ao wa kioo inafanya kazi yake kwa uaminifu na kufuta spidi pamoja nao. Hapa kuinamisha shingo hakusaidii sana, na kubadilisha skrini ndiyo kabisa. Watengenezaji wachache wamelikabili kwa kurusha mwanga wa wima na kuweka ndani ya kioo tabaka maalumu la kuurudisha, lakini hilo ni la gari jipya na la bei yake.

Marubani waliambiwa mapema. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, haishauri miwani ya polaraizi ndani ya chumba cha rubani, na sababu zake ni hizi hizi: vipimo vinaweza kufifia au kupotea, vioo vya ndege huonyesha michirizi, na ule mmeto wa jua kwenye bawa la ndege nyingine, ambao ndio humtahadharisha rubani, unaweza kufutwa. Dereva wa gari hana mtu aliyemwambia. Anakabidhiwa gari lenye skrini kubwa kuliko televisheni ya babu yake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba isomwe kwa macho matupu.

Na dawa ipo, tena si ghali. Juu ya skrini huongezwa tabaka moja jembamba la plastiki ambalo huuchukua mwanga wenye upande mmoja na kuufanya uzunguke kama skrubu inayokwenda mbele. Mwanga wa namna hiyo hauna wima wala mlalo wa kudumu, na miwani yoyote, kwa pembe yoyote, huupitisha nusu. Simu zile zinazoonekana zikisimama na zikilala zimetengenezwa hivyo. Namna nyingine ni plastiki inayovuruga pande za mwanga rangi kwa rangi, kiasi kwamba wastani wake kwa macho ni kama mwanga wa kawaida. Plastiki duni ya kulinda simu hufanya hivyo kwa bahati, ila vibaya, ndiyo maana ukiitazama kwa miwani unaona upinde wa mvua umetambaa juu ya ramani.

Kwa kuwa dawa ipo, msimamo wangu ni mkali. Skrini ya redio ikizimika ni kero, na dereva atavumilia. Skrini inayobeba spidi, taa ya onyo la injini na picha ya kamera ya nyuma ni sehemu ya usalama wa gari kama breki zilivyo, na kampuni inayoiweka mlalo bila tabaka hilo imeamua kwamba watu wa nchi zenye jua hawavai miwani. Gharama yake ndani ya bei ya gari haionekani. Ila tatizo la Land limejirudia kwa sura nyingine: mwenye miwani anasema skrini ndiyo yenye kasoro, mwenye skrini anasema ni miwani, na pembe haina mwenyewe.

Mpaka ipate mwenyewe, mnunuzi ajipimie. Miwani kwanza. Machinga wa Kariakoo anayejua kazi hutembea na kikadi chenye picha ambayo kwa macho matupu ni weupe tu; ukivaa miwani yake, samaki anatokea. Kikadi hicho hakidanganyi kuhusu utando, kwa sababu samaki amechorwa kwa utando wa aina hiyo hiyo. Lakini hakisemi lolote kuhusu miale ya UV, ambayo ni habari nyingine kabisa, wala kuhusu kiasi cha giza. Tafuta namba iliyochapwa upande wa ndani wa mkono wa miwani. Namba 3, inayopitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga, inatosha jua la mchana wetu. Namba 4 hupitisha chini ya asilimia 8 na haifai kwa udereva. Asiye na kikadi ana simu: weka miwani mbele ya skrini, izungushe polepole, na kama ni polaraizi kweli, kwa simu nyingi itafika pembe ambapo skrini inafifia au inazimika. Isipobadilika, jaribu simu nyingine kabla hujamwita muuzaji mwongo. Usiku ivuliwe. Taa za magari yanayokuja hazina upande, Land alishindwa kuzipa, na miwani itakupunguzia barabara bila kukupunguzia taa.

Kisha gari. Ukienda yadi nenda saa za mchana na miwani yako usoni, kaa kwenye kiti cha dereva, washa, tazama spidomita, tazama redio, inamisha kichwa kulia na kushoto, halafu weka rivasi. Redio za Android zinazofungwa na mafundi wetu zipimwe vivyo hivyo zikiwa bado mezani dukani, kwa sababu zikishabanwa kwenye dashibodi huwezi kuzizungusha.

Kwenye rivasi ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi, maana ndipo dereva hugeuza shingo na kuinamisha kichwa kuliko wakati wowote, na picha ya kamera inaweza kufifia pale hasa mtoto anapopita nyuma. Vioo vya pembeni havina shida hiyo. Ndani ya kioo cha kujitazamia mwanga hurudishwa na tabaka jembamba la metali, na metali haichambui pande za mwanga kama maji na kioo kitupu vinavyofanya. Inarudisha karibu vyote. Ndiyo maana miwani yako haifuti mng'ao wa bampa la kromu, na ndiyo maana kinachoonekana kwenye vioo vya pembeni kinabaki kilivyo, uvae miwani gani na uinamishe kichwa upande gani.